Maswali ya Wasomaji: Uyoga wa Porini na Namna ya Kuutambua

Tangu mvua za kwanza ziliponyesha katika mikoa ya magharibi na kusini mwa Tanzania, ukurasa huu umepokea barua nyingi kuhusu uyoga, na karibu zote, hata zile zinazoanzia mbali, hufikia swali lile lile: nitajuaje kwamba huu unaliwa? Nimechagua barua saba na kuzifupisha bila kubadilisha makusudi ya waandishi wake. Nimetanguliza ile ambayo jibu lake litawafaa pia wengi ambao barua zao hazikupata nafasi.

Shikamoo mwandishi. Nilizaliwa Tanga na nimeolewa Urambo. Kila msimu wa mvua mama mkwe wangu hutoka alfajiri na ndoo, akarudi na uyoga wa aina tano au sita, nami hubaki jikoni kwa sababu siujui hata mmoja. Ninaona aibu kumuuliza kila siku. Je, kuna alama za jumla ninazoweza kujifunza ili niweze kwenda porini mwenyewe? (Msomaji wa Urambo, Tabora)

Marahaba, mwanangu. Kwanza nakuomba uiache hiyo aibu, kwa kuwa mwalimu uliye naye nyumbani ni bora kuliko kitabu chochote ambacho ningeweza kukuelekeza. Kitabu hueleza uyoga wa nchi nzima, ilhali mama mkwe wako anaujua uyoga wa msitu ule ule utakaokwenda wewe, mwezi unapoota na mti unaouotea chini yake. Hata watafiti walipita njia hiyo. Marja Härkönen kutoka Finland, akishirikiana na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda vijijini kuwauliza wenyeji majina na matumizi ya uyoga wao. Katika kazi hizo za Wafini nchini Tanzania, mwaka 1994 aina mbili za uyoga unaoliwa, Amanita masasiensis na Amanita tanzanica, zilipewa majina ya kisayansi kwa mara ya kwanza. Wataalamu walikuwa wageni kwa uyoga huo, na wenyeji ndio waliokuwa walimu.

Kuhusu alama za jumla, naomba unielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotezea maisha: hakuna alama moja inayotenganisha uyoga wote unaoliwa na uyoga wote wenye sumu. Rangi haitoshi, harufu haitoshi, na ladha haitoshi. Uyoga mwekundu unaweza kuwa kitoweo kizuri, na mweupe safi ukawa ndio unaoua. Kinachowezekana ni kuijua aina moja moja kama unavyowajua watu wa mtaa wako, ambao huwatambui kwa kuwa wana alama ya wema usoni, bali kwa kuwa unaijua sura ya kila mmoja, mwendo wake na nyumba anamotoka. Bibi yangu mzaa mama, aliyenifundisha katika misitu ya Sikonge, aliutupa uyoga wowote ambao hakuweza kuutaja jina, hata kama ulivutia namna gani na hata siku ambayo kikapu kilikuwa kitupu. Nami hadi leo sijui kanuni iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa hiyo msimu huu chagua aina moja tu, uijue mpaka uweze kuitambua hata ikiwa changa, imezeeka au imenyeshewa. Mimi ningeanza na ule wa manjano au wa rangi ya chungwa wa jamii ya Cantharellus, ambao huota ardhini chini ya miti ya miombo. Ukigeuza uyoga mwingi juu chini, utaona chini ya kofia mikunjo myembamba iliyopangana kama kurasa za kitabu, ambayo hapa nitaiita matamvua. Cantharellus hauna matamvua ya namna hiyo. Aina zake nyingi zina mishipa minene inayogawanyika na kuungana tena, nayo huteremka kwenye shina bila mpaka ulio wazi. Hauna pete kwenye shina wala kifuko chini yake. Ukiona unaofanana nao lakini umeota kwa kishada juu ya kisiki au gogo, uache, kwa kuwa huo si wa ukoo huu.

Koo nyingine utakazokutana nazo Urambo ni rahisi kuzitenga, ingawa kuzitenga si sawa na kujua kipi kinaliwa. Uyoga wa Lactarius na Lactifluus hutoa maziwa ukiukata, na baadhi yake ni mkali kama pilipili. Russula una shina linalovunjika kama chaki, nao hauna maziwa. Kisha kuna Amanita, na hapo ndipo ninapokuomba usiende peke yako kabisa. Uyoga huu huzaliwa ukiwa umefunikwa na utando kama yai. Utando unapopasuka, huacha kifuko chini ya shina; mara nyingi uyoga huu huwa pia na pete kwenye shina, pamoja na matamvua meupe au ya rangi hafifu. Katika miombo zipo Amanita zinazoliwa na kuuzwa sokoni kila mwaka, kama ile Amanita zambiana ambayo jina lake linatokana na nchi ya Zambia, lakini ndani ya ukoo huo huo ndimo mnamotoka uyoga unaoua watu wengi zaidi duniani. Mama mkwe wako akiuleta nyumbani, uule kwa shukrani. Ukiukuta peke yako, uuache mahali ulipo.

Jambo la mwisho ni mkono wako. Usiukate uyoga usioujua kwenye usawa wa ardhi, kwa sababu kifuko hujificha chini ya udongo na majani makavu, na ukikikata utakuwa umeacha porini ushahidi ambao ungekuokoa. Ingiza kisu kando ya shina, uunyanyue wote pamoja na udongo wake, ndipo uutazame. Wapo wanaoogopa kwamba kung'oa huharibu mavuno ya mwaka unaofuata. Katika msitu mmoja wa Uswisi jambo hilo lilifuatiliwa kwa karibu miaka 30, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kuchuma, iwe kwa kung'oa au kwa kukata, hakukupunguza uyoga. Kilichoupunguza kuota kwake ni kukanyagwa kwa ardhi. Ukifika nyumbani, kata kofia moja, uilaze juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu ni nyeusi, uifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi la spora, yaani chembe ambazo uyoga huzaana kwazo, limechora umbo la matamvua, na rangi ya vumbi hilo, nyeupe, waridi, kahawia au kijani, itakuambia mengi kuliko rangi ya kofia yenyewe. Yaandike hayo katika daftari pamoja na jina ambalo mama mkwe wako anautajia uyoga huo, kwa lugha yake yeye.

Baada ya mvua kubwa, uwanja wa nyasi mbele ya nyumba yetu uliota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Jirani alitufundisha kuuchemsha pamoja na kijiko cha fedha na kitunguu, akasema visipogeuka rangi uyoga ni salama. Havikugeuka. Saa mbili baada ya kula, watu watatu tulitapika na kuharisha usiku kucha. Tulikosea wapi? (Msomaji wa Kibaha, Pwani)

Poleni sana, na ninashukuru kwamba mmepona. Kosa halikuwa katika kupika. Kosa lilikuwa kukiamini kijiko. Madini ya fedha hugeuka kuwa meusi yakikutana na salfa, ndiyo maana kijiko cha fedha huharibika rangi kikitumika kulia mayai, na hakuna anayesema kwamba mayai ni sumu. Sumu za uyoga hazifanyi kazi hiyo, wala hazibadilishi rangi ya kitunguu, kitunguu saumu au mchele. Vivyo hivyo msiamini kwamba uyoga ulioliwa na funza au konokono ni salama kwa mtu, kwa kuwa wadudu hula bila kudhurika uyoga unaoweza kuua familia nzima. Msiamini pia kwamba uyoga unaomenyeka ngozi ya kofia ni salama, wala kwamba chumvi na siki huondoa sumu. Kuchemsha na kumwaga maji husaidia kupunguza ukali wa baadhi ya uyoga wenye maziwa, na pengine ndiyo sababu watu wamekuja kuamini kwamba kunasafisha kila kitu. Sumu mbaya kuliko zote haiharibiwi na moto, wala jua, wala baridi.

Siwezi kuthibitisha aina kwa barua, lakini maelezo yako yanalingana sana na Chlorophyllum molybdites, uyoga wa viwanja vya nyasi katika nchi za joto, ambao husababisha kutapika na kuharisha kwa kawaida kati ya nusu saa na saa tatu baada ya kuliwa. Matamvua yake huwa meupe ungali mchanga, kisha hugeuka taratibu kuwa ya kijani, na vumbi la spora zake ni la kijani, jambo ambalo ni nadra sana kwa uyoga mkubwa. Kama mngeweka kofia moja juu ya karatasi usiku mmoja kabla ya kupika, rangi hiyo ingewatahadharisha. Watu wazima kwa kawaida hupona, lakini mtoto mdogo anayepoteza maji mwilini huhitaji hospitali bila kuchelewa.

Ruhusa ya gazeti hili kwangu ni kujibu kilichoulizwa tu, lakini hapa naongeza ambalo hukuuliza, kwa kuwa ndilo kubwa zaidi. Sumu inayoanza mapema mara nyingi si ile inayoua. Amanita zenye amatoksini, sumu inayoharibu ini, hazimsumbui mtu kwa saa 6 au hata 24 za kwanza, wakati chakula kimekwisha kusahaulika. Kisha huja tumbo kali, kutapika na kuharisha kwa nguvu. Siku inayofuata mgonjwa hupata nafuu, wauguzi wa nyumbani humshukuru Mungu na kumpikia uji, huku ini lake likiendelea kuharibika kimya kimya, na siku chache baadaye macho huwa ya manjano na mwili hushindwa. Kwa hiyo tumbo lolote linaloanza zaidi ya saa 6 baada ya kula uyoga ni dharura ya hospitali, hata mgonjwa akisema anaendelea vizuri. Wala tumbo linaloanza mapema halimwondolei mtu hatari kama alikula mchanganyiko wa aina mbili au zaidi, kwa sababu ule wa pili unaweza kuwa bado unangoja. Chukueni mabaki ya uyoga, yaliyopikwa na yasiyopikwa, hata maganda kutoka jalalani, mwende nayo kwa daktari.

Kwenye shamba langu kuna kichuguu kikubwa ambacho kila mwanzo wa mvua huota uyoga mzuri, mahali pale pale. Nimejaribu kuhamisha udongo wake nyuma ya nyumba ili niuoteshe kama watu wanavyootesha uyoga wa mamama, lakini sijapata kitu. Nifanyeje? (Msomaji wa Manyoni, Singida)

Ndugu yangu, huo uyoga una mkulima wake tayari, naye ni mchwa. Ni wa jamii ya Termitomyces, na huota tu mahali wanapoishi mchwa wanaoulima. Mchwa wafanyakazi hukusanya kuni, majani makavu na nyasi, huzila na kuzitoa upesi zikiwa hazijasagika vizuri, na kwa vipande hivyo hujenga ndani ya kichuguu masega yanayofanana na sifongo. Kuvu, ambayo uyoga ni kama tunda lake, hukua juu ya masega hayo, huyalainisha, na huzaa vijidonge vyeupe ambavyo mchwa huvila. Masega yakizeeka, mchwa huyala pia. Ushirikiano huo ulianza hapa hapa Afrika, miaka takriban milioni 30 iliyopita, na tangu hapo kuvu hii haiwezi kuishi bila mchwa, wala mchwa hao hawawezi kuishi bila kuvu.

Mvua zinapolowesha udongo, kuvu hutuma juu uyoga kupitia udongo mgumu, na ndiyo sababu ukiuchimba utaona shina linaendelea chini kama mzizi mrefu mpaka kwenye sega, na katikati ya kofia kuna ncha ngumu iliyotoboa ardhi. Alama hizo mbili, pamoja na spora za waridi hafifu, kutokuwa na kifuko, na ukaribu wa kichuguu, ndizo zinazoufanya kuwa miongoni mwa uyoga ambao mwenyeji huutambua kwa uhakika mkubwa zaidi. Ukubwa wake, hata hivyo, hutofautiana kwa namna ya kushangaza. Termitomyces microcarpus, unaoota kwa mamia kama vitone vyeupe juu ya udongo, una kofia ya sentimita moja au mbili, wakati Termitomyces titanicus wa Zambia huweza kuwa na kofia inayokaribia mita 1. Na nyinyi watu wa Singida mna wenu, Termitomyces singidensis, uliopewa jina hilo mwaka 1994.

Mamama huota juu ya pumba, mashudu ya pamba au mabua kwa kuwa wenyewe huozesha mabua. Udongo uliouhamisha haukuwa na masega wala malkia, na kama ungevunja kichuguu ili uyapate ungepoteza vyote viwili. Kiache kichuguu kilipo, usikilimie hadi ukingoni, usikimwagie dawa ya kuulia mchwa, na uwaambie vijana wanaochimba kumbikumbi wasikibomoe.

Zamani nyuma ya kijiji chetu tulipata uyoga wa kuuza na wa kula. Msitu ulikatwa kwa mashamba ya tumbaku na kuni za kukaushia, na sasa hata tukilima kwa mbolea hatuuoni tena. Je, udongo umechoka? (Msomaji wa Kaliua, Tabora)

Udongo unaweza kuwa umechoka pia, mzee wangu, lakini uyoga umeondoka kwa sababu nyingine. Miti mikuu ya miombo, Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, hushirikiana na kuvu iliyo kwenye mizizi yake. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, huzivika ncha za mizizi kama soksi na kuenea mbali ndani ya udongo; huuletea mti maji na fosforasi, na mti huilipa kuvu kwa sukari inayotengenezwa na majani juani. Cantharellus, Lactarius, Russula na Amanita zote huishi kwa malipo hayo. Mti ukikatwa na kisiki kikang'olewa, malipo hukatika, na mbolea ya dukani haiwezi kuwa badala yake.

Mkoa wenu umeona jambo hili kwa kipimo kikubwa. Kati ya mwaka 1947 na 1951, Waingereza walifyeka miombo ya Urambo, pamoja na ardhi ya Kongwa na Nachingwea, kwa ajili ya mpango wa karanga ulioshindwa. Habari njema ni kwamba miombo haifi kwa urahisi, kwa kuwa visiki na mizizi iliyoachwa ardhini huchipua, na machipukizi yakikua, kuvu za mizizi hurudi pamoja nayo. Mahali ambapo visiki bado vipo, naomba kijiji kitenge sehemu isiyolimwa wala kuchomwa moto mwishoni mwa kiangazi, kwa kuwa moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ndio unaoua machipukizi. Mahali palipong'olewa kila kitu, itachukua muda mrefu zaidi, nami sitaki kukudanganya.

Chini ya miti ya paini huku kwetu kuna uyoga wa kahawia wenye utelezi juu na kama sifongo chini. Je, ni ule wa miombo? (Msomaji wa Mufindi, Iringa)

La, si wa miombo, ingawa na wenyewe huishi kwa kushirikiana na mizizi. Maelezo yako yanaelekea kwenye Suillus, uyoga uliosafiri kuja Afrika pamoja na misonobari, yaani hiyo miti ya paini yenyewe. Katika nchi kadhaa za joto miche ya msonobari haikustawi mpaka udongo wenye kuvu zake ulipoletwa. Aina kadhaa za Suillus huliwa, baada ya kuondoa ngozi ile yenye utelezi, lakini matumbo ya baadhi ya watu huukataa. Kwa kuwa bibi zetu hawakuukuta uyoga huu, jina lake na habari zake hazimo katika urithi wao, kwa hiyo usiupike mpaka mtu anayeujua auone kwa macho.

Ninanunua uyoga barabarani, mbichi kwa mafungu na mkavu kwa sado. Nitajuaje kama muuzaji hakukosea? (Msomaji wa Songea, Ruvuma)

Nunua ule mbichi, mzima, ambao bado una shina lake lote, na uwe wa aina moja katika fungu. Mwulize mama anayeuza jina lake, mahali ulipochumwa, na kama watoto wake wanaula. Anayeujua hujibu bila kusita na hata kukueleza unavyopikwa. Uyoga mkavu uliokatwakatwa hauna tena pete, kifuko wala rangi ya kuutambulisha, kwa hiyo unaponunua ule unanunua uaminifu wa mtu. Nunua kwa yule unayemfahamu miaka yote.

Habari ya kazi. Ninaishi Hamburg kwa miaka minne sasa, nami ni mzaliwa wa Masasi. Mwezi uliopita, katika msitu wa mialoni, nilikuta uyoga uliofanana kabisa na ule tuliokuwa tukiuchuma nyumbani na mama: una kifuko chini, pete, na matamvua meupe. Niliukatakata na kuuweka kwenye friza nikingojea wageni. Mume wangu anasema niulize kwanza. (Msomaji wa Ujerumani)

Salama, dada yangu. Mshukuru mume wako. Macho yako hayakukosea, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa uyoga wa nyumbani na huo wa Hamburg ni wa ukoo mmoja, nao wameumbwa kwa sura moja. Ulikulia katika wilaya ambayo jina lake limepewa Amanita inayoliwa, na mafunzo ya mama yako ni ya kweli kwa Masasi. Lakini katika misitu ya mialoni ya Ulaya huota Amanita phalloides, yenye kofia ya kijani hafifu, ya manjano au karibu nyeupe, na kifuko, pete na matamvua meupe kama ulivyoeleza. Uyoga huo ndio unaosababisha sehemu kubwa kabisa ya vifo vya uyoga duniani. Kofia moja inatosha kumuua mtu mzima, na waliopona husema kwamba ulikuwa mtamu.

Makosa ya namna hii huwapata hasa watu wanaojua uyoga, wakihamia mahali pengine. Wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki waliofika Marekani wameufananisha na uyoga wa mabua ya mpunga wa kwao, ambao nao una kifuko. Mwaka 2015 chuo cha udaktari cha Hannover, si mbali sana na kwenu, kilitibu wakimbizi, wengi wao kutoka Syria, waliokuwa wamekula Amanita phalloides, na kikatoa bango la onyo katika lugha kadhaa. Asiyejua uyoga hupita tu. Anayejua huinama na kuuchuma.

Huko uliko una msaada ambao sisi huku hatuna. Chama cha wanamikolojia (wataalamu wa kuvu na uyoga) cha Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1921, hufundisha na kuwathibitisha wataalamu wa kutambua uyoga, ambao watu huwapelekea vikapu vyao. Tafuta aliye karibu nawe, na siku utakayorudi msituni mpelekee uyoga mzima uliochimbwa pamoja na kifuko chake, kila aina katika karatasi yake, ili aina moja isiichafue nyingine. Utajifunza kwake uyoga wa msitu huo kama ulivyojifunza wa kwenu kwa mama. Kama kuna yeyote nyumbani ambaye ameuonja tayari, hata kipande, msingoje tumbo lianze. Pigeni simu kwa kituo cha dharura za sumu, muende hospitali sasa hivi. Na ule ulioko kwenye friza uutupe leo, kisha uoshe chombo ulichouhifadhia, kwa sababu kuugandisha hakukuondoa chochote katika sumu yake, na kwa jinsi ulivyokwisha kuukatakata, hata mtaalamu hawezi tena kukuhakikishia kwamba ni salama.